Titi Walilosema Nimeliuza

Walisema nimeliuza. Titi la mke wangu, la kushoto, eti nimelitoa kafara ili duara langu, shimo langu la kuchimbia, liteme dhahabu. Wengi wa waliosema hayo walikuwa wanakula kwenye sahani zangu, na mmoja wao nilimsafirishia maiti ya mama yake kwa gari langu na mafuta yangu. Hata sasa ninapoandika bado wanasema. Basi na mimi niseme. Mdomo ninao, na kalamu nimejifundisha kuishika, ingawa shule niliiachia darasa la nne, nikaenda kuchunga ng'ombe wa watu huko Kishapu.

Kwanza mjue mnasoma habari za nani. Nilifika machimbo ya Geita na suruali moja na koleo la kuazima. Nimeshuka mashimo ambayo hao wanaonisema wangejikojolea kabla hawajafika nusu ya kamba. Leo nina maduara matatu, nina karasha mbili za kusagia mawe, nina nyumba mbili za maana, na watoto wangu wote wamenipita kwa kusoma. Hakuna aliyenishika mkono. Mganga hakunishika, diwani hakunishika, na ndugu ndio kabisa, walikuwa wananikwepa nisije nikawaomba chumvi. Mtu aliyejitoa shimoni mwenyewe hawezi kukaa kwenye benchi la hospitali akisubiri kuitwa. Ndivyo nilivyokuwa, na sioni haya kusema.

Asubuhi moja mke wangu aliniita bafuni. "Baba watoto, hebu njoo uone kitu."

Titi la kushoto lilikuwa kubwa kuliko mwenzake. Ngozi ilikuwa imekaza inang'aa, rangi imekolea kama zambarau iliyoiva. Niliweka kiganja. Lilikuwa la moto kama sufuria iliyoepuliwa sasa hivi.

"Linauma?"

"Haliumi sana. Linawaka. Na mtoto wa mwisho yuko darasa la sita, sasa haya yatakuwa maziwa ya nani?"

Nikamwambia asihangaike, hilo ni jambo dogo. Machimboni kwetu tuna dawa za kila kitu. Mtu akichimba siku nzima ameinama, mgongo ukivimba, goti likivimba, anameza diklofenaki na kesho anarudi kazini. Nilikuwa na boksi zima stoo kwa ajili ya vijana wangu. Juu yake nikaongeza vile vidonge vidogo vyeupe vya predinisoloni, ambavyo muuza duka la dawa aliniapia kwamba vinashusha uvimbe wa aina yoyote, "hata wa tembo, bosi." Nikampa mke wangu asubuhi na jioni, kwa mkono wangu mwenyewe, na maji nikamtekea mwenyewe. Wangapi kati yenu mmewahi kumtekea mke maji?

Na lilishuka! Msije mkaniambia halikushuka. Wiki ya pili joto limepungua, rangi imefifia, ngozi imelegea. Nilijiona mkubwa. Nikampigia simu dada yake mkubwa, shemeji yangu, mwanamke anayeanika dagaa pale Nkome na mwenye mdomo mpana kuliko mwalo wenyewe wanapoegesha mitumbwi.

"Shem, mdogo wako nimemponya."

"Umemponya nini tena?"

"Titi lilivimba. Nimelishusha."

"Umelishusha kwa nini, kwa winchi?"

"Wewe kaanike dagaa zako."

"Nipe mwenyewe niongee naye."

Nikampa simu mke wangu. Akasema amepona, yuko salama. Nilikuwa nimekaa ubavuni pake.

Tatizo likawa moja. Kila tukiacha vidonge, siku ya nne moto unarudi. Tukimeza, unashuka. Kwa hiyo hatukuacha. Mke wangu akaanza kulalamika tumbo linamchoma, nikamnunulia na dawa ya tumbo. Halafu siku moja akauchukua mkono wangu, akauweka pale, akasema, "Kuna jiwe ndani."

Mimi ni mtu wa mawe. Nikibonyeza udongo kwa kidole najua chini yake kuna nini. Nilibonyeza. Lilikuwa gumu, limeshikana na nyama ya chini, halisogei. Hapo nilijua si jipu wala si maziwa. Nilijua, na nikasema, "Litalainika, endelea na dawa." Hilo ninaliandika kwa sababu hao wanaonisema hawalijui. Wao wanajua uongo tu.

Mwezi huohuo duara langu la pili likatema. Tulikuwa tumelichimba mwaka mzima tunatoa kifusi kitupu, mara mwamba ukakubali. Watu wakajaa. Nilipokwenda kwenye karasha kusimamia mawe yangu yasagwe, nikamkuta jirani yangu wa machimbo, mwenye duara lililo upande wa chini wa langu, amekaa juu ya viroba anatafuna muwa.

"Bosi, hongera. Naona mwamba umekubali."

"Kazi tu."

"Na mama anaendeleaje? Nasikia yeye anavimba titi na wewe unavimba mfuko."

Vijana wakacheka. Akaona amepata hadhira, akaendelea. "Hao waliokupa masharti walitaka la kushoto au ulichagua mwenyewe?"

Nilimkunja shati hadi vifungo vikaruka. Walitutenganisha. Lakini neno lilikuwa limeshatoka, na neno la namna hiyo kwetu halirudi. Kila mtu huku amekua akisikia habari za tajiri aliyepewa masharti, akatoa mguu wa mtoto au macho ya mama yake ili apate mali. Wanaamini kuliko wanavyoiamini Biblia. Wakimwona mtu amejenga, hawaulizi ameamka saa ngapi, wanauliza amemtoa nani.

Siku ile nikaapa moyoni kwamba titi la mke wangu halitakatwa. Nilikuwa nimesikia kwamba hospitali wanakata. Nikajiuliza, likikatwa, nitapita wapi? Nitakuwa nimewapa ushahidi mkononi. Mwanamke anatembea sokoni upande mmoja uko bapa, na mimi duara linatema. Hata mtoto mdogo angejumlisha. Kwa hiyo nikaongeza vidonge. Nilitaka lile jambo limalizike ndani ya blauzi, kimyakimya.

Shemeji hakupiga hodi. Alishuka kwenye basi na kiroba cha dagaa, akaingia moja kwa moja hadi chumbani kwa mdogo wake, na mimi nikiwa sebuleni nikasikia kimya. Yule mwanamke huwa hana kimya. Alipotoka, alikuja akasimama mbele yangu.

"Umeiona ngozi ile? Imekuwa na vishimo kama ganda la chungwa. Umeshika kwapani? Mna tezi kama njugu mawe tatu zimepangana. Umeponya nini wewe?"

"Shemeji, hapa ni kwangu, na yule ni mke wangu. Nimemtolea ng'ombe."

"Ng'ombe uliowatoa kwa baba walikufanya mume. Hawakukufanya daktari. Washa gari."

Niliwasha. Si kwa sababu aliniamuru. Mke wangu alikuwa ametoka ameshavaa, ana mfuko wa plastiki mkononi, na hakunitazama.

Hospitalini walimchoma sindano nene wakatoa kipande cha nyama, wakasema tusubiri majibu. Tulisubiri wiki mbili. Majibu yalipokuja tukaitwa wote watatu ndani. Daktari alikuwa binti mdogo, angeweza kuwa mwanangu, Msukuma mwenzetu kwa kumsikiliza tu matamshi yake. Aliniamkia vizuri, "Shikamoo baba," nikaitikia. Halafu akasema ni saratani ya titi, na imeshafika kwenye tezi za kwapani.

"Imefikaje kwapani na uvimbe nimeushusha?"

Mke wangu akafungua ule mfuko wa plastiki, akaumwagia mezani. Zilikuwa karatasi zote za vidonge alivyomeza, tupu, kila moja. Sikujua kwamba alikuwa anazitunza. Daktari alizipanga polepole. Kisha akaniuliza, "Baba, kwenu ni wapi?"

"Kishapu."

"Basi mwano unaujua."

Nani asiyeujua? Kwetu mwizi wa ng'ombe akionekana, aliyemwona anapiga mwano, yaani lile yowe letu. Anayelisikia analipokea, analipeleka mbele, na sungusungu wote wanatoka na pinde na marungu. Asiyetoka anatengwa, hata moto haombi kwa jirani.

"Mwili nao una mwano wake," akasema yule binti. "Ukijikata, seli za pale zinatoa kemikali. Kemikali hizo ni ujumbe tu: njooni, kuna jambo hapa. Damu inakuja kwa wingi, askari wa mwili wanakuja, panakuwa pa moto, panavimba. Jambo likiisha, yowe linanyamaza. Saratani ni mwizi anayepiga yowe yeye mwenyewe, na hanyamazi. Askari wanakuja, lakini badala ya kumkamata, wengi wao wanageuzwa vibarua wake. Wanamsaidia kuotesha mishipa mipya ya damu imletee chakula. Wanamlegezea kuta za jirani apite. Njia ya kwapani ilifunguliwa hivyo."

"Hiyo ni rashi," nikamwambia.

"Rashi?"

"Mtu akiokota kipande cha dhahabu porini, habari inatoka. Kesho kuna watu mia, keshokutwa elfu. Nyuma yao mama lishe, nyuma yao wauza maji, na mwezi haujaisha pori lina barabara. Aliyepiga kelele ya kwanza ni mmoja tu."

Alinitazama. "Ndiyo, baba. Ni hivyohivyo. Nitawaeleza na wengine kwa mfano wako."

Ninyi mliosoma, mwelewe hapo. Mimi wa darasa la nne nilimpa daktari mfano. Na kwa kuwa nilikuwa nimeelewa, nikagonga meza.

"Basi nilikuwa sahihi! Kama yowe ndilo linalomlisha mwizi, na mimi nimelizima hilo yowe, kosa langu ni lipi?"

Shemeji akasonya. "Mtazameni. Bado anatafuta cheti."

Daktari hakucheka. "Hukulizima, baba. Ulilipunguza. Wataalamu wanachunguza kama kutuliza hizo kemikali kunaweza kusaidia pamoja na tiba nyingine, lakini vidonge hivi peke yake haviponyi saratani ya titi. Mwizi alikuwa ameshajenga ndani, na ana njia zake nyingine za kula. Wewe kelele ziliposhuka ukasema ameondoka. Ule moto na ule wekundu ndio ulitakiwa kukuleta hapa. Ukaunyamazisha, yeye akaendelea na kazi."

Nikamchukia yule binti kwa utulivu wake.

Akaeleza kinachofuata. Kwanza dawa kali za dripu, kwa awamu, kulipunguza lile jiwe. Halafu upasuaji wa kuliondoa titi lote pamoja na tezi. Halafu mionzi. Hayo yafanyike Mwanza, na yaanze mapema.

"Titi halikatwi," nikasema.

"Kwa sababu gani, baba?"

"Chuma kikigusa kidonda kama hicho kinakisambaza. Watu wamekatwa wakafa."

"Hiki kimesambaa kabla ya chuma. Wengi wanaokufa huwa wamechelewa."

"Nimesema halikatwi. Mimi ndiye mume, na mimi ndiye ninayelipa."

Tangu tuingie mke wangu alikuwa hajasema neno. Alikuwa anakusanya zile karatasi za vidonge, anazirudisha mfukoni moja moja. Akasema bila kuinua kichwa, "Mwambie sababu yenyewe."

"Nimeshamwambia."

"Mwambie unamwogopa nani."

Akamgeukia daktari. "Watu wanasema ameniuza, dokta. Eti dhahabu imetoka kwa sababu yangu. Nikikatwa watasema si mnaona? Kwa hiyo anataka nizikwe na matiti yangu mawili ili jina lake libaki zima."

Shemeji akafunika mdomo kwa kanga. Mimi nikasimama, nikamwambia mke wangu anyamaze, asinivue nguo mbele ya mtoto. Hakunyamaza.

"Karatasi ya kusaini iko wapi? Nileteeni mimi. Kuandika jina langu najua. Mimi nilimaliza la saba, yeye aliishia la nne."

Aliandika majina yake yote matatu, polepole, kwa mwandiko mzuri. Miaka yote ya ndoa nilikuwa sijauona mwandiko wake. Mikataba yote nyumbani nilikuwa nasaini mimi.

Mambo ya Mwanza sitayaeleza sana kwa sababu sikuruhusiwa kuyaona. Nililipa kila kitu, na hilo hakuna wa kuninyang'anya. Lakini kwenye chumba cha dripu aliingia na dada yake, na kwenye wodi aliingia na dada yake. Mimi nilikaa kwenye gari. Dada mtu alikuwa anakuja dirishani kunipa taarifa kama mtu anayempa mlinzi majina ya wageni. Leo ametapika. Leo nywele zimeisha. Leo jiwe limepungua, daktari anasema linafaa kukatwa. Siku ya upasuaji alikuja akasema, "Limetoka. Na tezi walizotoa, kadhaa wamezikuta na saratani."

"Maana yake nini?"

"Maana yake hawamwahidi kitu. Atakuwa anapimwa, na atakuwa anasubiri. Kila kliniki atasubiri."

Alisema hivyo, akageuka, akarudi ndani. Nilibaki nimeshika usukani wa gari lililozimwa.

Mke wangu alirudi nyumbani. Alikonda, lakini alirudi akitembea mwenyewe. Tulikaa kama wapangaji wawili. Alinipikia, alinifulia, akanijibu nilipouliza. Sikuomba radhi. Sikuzoea, na yeye hakuonyesha kama anaisubiri.

Haikupita muda nikaenda kwenye karasha, mchana kweupe, mashine zinanguruma, vumbi limejaa. Yule jirani alikuwepo.

"Bosi! Nasikia limeshachukuliwa. Sasa hapo duara litatema hadi lini, au watarudi kuchukua na la pili?"

Vijana wakaangalia chini, wengine wakaangalia pembeni kuficha meno. Nilikuwa nimeshika kipande cha bomba. Ningempasua kichwa, na kesi ningeishinda. Badala yake nikapaza sauti. "Zimeni mashine zote!"

Zikazimwa. Watu wakasogea wakidhani wataona damu.

"Titi la mke wangu limekatwa hospitali," nikasema. "Lilikuwa na saratani. Kafara hakuna. Kuna mimi. Nilibonyeza kwa kidole hiki nikajua kuna jiwe, nikampa vidonge vya mgongo nikamwambia atulie. Na sababu ni wewe. Nilikuogopa wewe na mdomo wako. Mimi, mwenye maduara matatu, nilimwogopa mtu ambaye shimo lake halijawahi kutoa kitu zaidi ya maji ya vyura! Nilimchelewesha miezi mitano, na ugonjwa ukatembea hadi kwapani. Haya, kaseme hilo."

Hakuna aliyecheka. Jirani alitema makapi ya muwa, akafuta mdomo. Akanitazama kwa namna ambayo hajawahi kunitazama, kama mtu anayepima jiwe akaona halina kitu.

"Bora ungesema ni kafara, bosi," akasema. "Wa kafara angalau alijua anapata nini."

Akaondoka. Mtu mmoja akawasha mashine, bila kuniuliza.

Nilifika nyumbani jua bado kali. Mke wangu alikuwa barazani anachagua mchele kwenye ungo, mkono wa kushoto ameulaza juu ya mto kwa sababu siku hizi unavimba. Habari huku zinakimbia kuliko pikipiki, alikuwa ameshapigiwa simu.

"Nasikia umehutubia."

"Nimewaambia ukweli."

"Wote?"

"Wote. Hata kwamba nilijua."

Akatoa punje mbili za mchanga, akazitupa uani. "Umewaambia miezi mingapi?"

"Mitano."

Akaendelea kuchagua. Nilidhani yameisha, nikavuta kiti nikae.

"Ilikuwa saba," akasema. "Rudi ukawaambie ni saba."

Viatu nilikuwa bado sijavivua.